Mdai Kwanza, Baba Nyuma

Jumatatu, 6 Julai

Maboksi tisa leo, kutoka stoo ya nyuma hadi chumba cha kompyuta. Bega la kushoto liligoma kwenye boksi la nne. Baada ya hapo kusoma. Nakaa kwenye kigoda, nashika fomu, nasoma kwa sauti: namba, kilima, mdai, baba. Kilima ndicho kijiji cha huku. Mama Rama anaandika kwenye kompyuta bila kuangalia karatasi. Ndivyo tunavyofanya tangu Aprili. Fomu za kudai mashamba zilijazwa kambini Tanzania, kwa Kiswahili, na makarani wenye haraka. Vijana wa hapa Gitega wamesoma kwa Kifaransa, miandiko ile inawashinda. Mimi niliishia darasa la sita, lakini la kule kule. Basi nabeba, halafu nasoma. Cheo ni mbebaji.

Shida ni moja. Karatasi inasema mdai, kisha baba. Jedwali la kwenye kompyuta linataka baba, kisha mdai. Aliyelitengeneza alilipanga hivyo, sijui kwa nini. Kwa hiyo nikitaja mdai, Mama Rama analishika jina kichwani, anasubiri nitaje baba, anamwandika baba, ndipo anamwandika mdai. Anasema ni kumeza. Siku nzima anameza majina ya watu na kuyatoa. Leo alinisimamisha.

"We Mtanzania, uko unakimbia wapi? Mi niko na jina ya mutu kwenye mudomo."

Ofisini wote wananiita Mtanzania. Kule Tanzania walikuwa wananiita Mrundi.

Jumanne, 7 Julai

Baridi ya Gitega inaingia mpaka kwenye meno. Nimelala na koti.

Niandike hapa jambo ninalolifikiria kila siku, labda litanipa nafasi ya kufikiria mengine. Fomu yetu tayari iko kwenye kompyuta. Niliisoma mwenyewe mwezi wa tano. Kilima chetu cha Butihinda. Mdai: Misago, yaani mimi. Baba: Barampama. Niliisoma kwa sauti ile ile kama ya mtu mwingine, na Mama Rama hakujua. Shamba ni lile la kuanzia kijito hadi uzio wa minyaa. Sikulijua. Niliuvuka mpaka nikiwa mgongoni kwa mama. Baba alinichorea kwa kijiti ardhini, kambini, mara nyingi sana, hata sasa ningeweza kulitembea nimefumba macho. Amezikwa kule kule. Tuliporudi tulimkuta mtu, Sabiyumva, amekaa humo miaka zaidi ya thelathini. Mama yangu anaishi kando ya shamba, kwenye kibanda cha turubai, analitazama.

Orodha ikikamilika itapelekwa Muyinga, mkoani kwetu, halafu kila kilima, na itasomwa mbele ya watu. Anayeitwa na kuitika anasikilizwa. Asiyeitwa anangoja orodha nyingine. Hakuna aliyewahi kuniambia orodha nyingine ni lini.

Jumatano, 8 Julai

Mama Rama alimeza jina akasahau kulitoa. Kuanzia hapo kila mdai akapata baba wa mwenzake, ukurasa mzima. Shefu, mkuu wa ofisi, aliona. Hakupiga kelele, yeye huongea Kifaransa taratibu, na hiyo ni mbaya zaidi. Amesema imetosha. Safu ya mdai ije kwanza, safu ya baba ifuate, kama kwenye karatasi. Na wasomaji wa vilimani pia watasoma jina la kwanza wanaloliona, kwa hiyo lazima liwe la mdai.

Mama Rama alisema yeye ameomba hivyo tangu Aprili. Alilisema baada ya shefu kutoka.

Alhamisi, 9 Julai

Tumempigia fundi aliyetengeneza jedwali. Yuko Bujumbura, anaitwa Dezire. Nilidhani safu zinasogezwa kama mtu anavyosogeza viti. Kumbe hapana. Alisema tutengeneze jedwali jipya tupu, lenye safu kwa mpangilio tunaoutaka. Kisha tunakili kila kitu kutoka la zamani. Kisha tuhesabu mistari. Kisha jedwali la zamani likae, lisiguswe, mpaka aje mwenyewe.

Mama Rama alishika simu, mimi nilishika kalamu. Niliandika kwenye ubavu wa boksi. Kwenye hatua ya kunakili alisema kitu kuhusu kuzitaja safu moja moja kwa majina yake. Laini ikawa inakatika. Niliandika "taja safu." Sikujua maana yake. Sikuuliza. Mbebaji anauliza nini kwenye simu ya fundi?

Ijumaa, 10 Julai

Imefanyika. Mama Rama alitengeneza jedwali jipya: namba, kilima, mdai, baba. Zuri, limenyooka. Nilimsomea hatua kutoka kwenye boksi. Tulipofika "taja safu" aliuliza tuzitaje wapi. Nikasema sijui, imeandikwa hivyo tu. Akasema zimeshatajwa, si ziko pale juu ya jedwali, tunaziona. Tukanakili. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Tulihesabu mistari. La zamani na jipya, sawasawa. Nilihesabu mimi kwa mdomo wangu. Mama Rama alinimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, mara ya kwanza tangu nimjue, akasema leo amepumzika koo.

Mchana shefu alijaribu kuchapa kurasa mbili, mashine ikatoa za jedwali la zamani. Akaamuru la zamani lifutwe, linachanganya. Mama Rama akalifuta. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya boksi. Ubavuni, kwa mwandiko wangu: lisiguswe. Niligeuza boksi, maandishi yakaelekea ukutani.

Jumapili, 12 Julai

Kanisani, halafu kutembea mtaa wa Magarama bila kwenda popote. Nimekaa mbele ya duka la mwenye nyumba wangu nikaangalia watu wakipita.

Nimeongea na mama kwa simu ya jirani. Anauliza nitakuja lini. Nimesema siku ya kusomwa. Anauliza kama jina limo. Nimesema limo, nimeliona kwa macho. Alicheka. Hajacheka hivyo tangu tuvuke mpaka kurudi. Anasema Sabiyumva amepanda tena mihogo karibu kabisa na kibanda chake, kama kumpiga kiwiko.

Jumatano, 15 Julai

Kazi inakwenda kama maji. Namba, kilima, mdai, baba. Nataja, anaandika, hamezi tena. Fomu mpya tu sasa, maboksi ya mwisho. Tukimaliza mapema Mama Rama huniambia habari za mume wake fundi cherehani na majirani zake. Nimechoka, lakini ni uchovu wa kawaida.

Ijumaa, 17 Julai

Naandika nimefunga mlango.

Mchana Mama Rama alikwenda msikitini kama kila Ijumaa. Kompyuta aliiacha wazi. Ni marufuku mtu mwingine kuigusa. Aliyekuwa mbebaji kabla yangu alifukuzwa kwa kuchaji simu kwenye waya wake tu. Nilitaka kuona jina langu, basi. Kuliona tu kwenye mpangilio mpya, limetangulia.

Nililipata. Kilima chetu. Mdai: Barampama. Baba: Misago.

Nimekuwa baba wa baba yangu.

Nilikaa nikatazama. Nilidhani ni mstari wetu peke yake. Nikabonyeza, nikafuta, nikaandika sawa, kwa kidole kimoja. Kisha nikaangalia mstari wa chini. Jirani yetu Ntahonkiriye, namjua, na marehemu baba yake namjua. Nao wamegeuzwa. Nikarekebisha. Na anayefuata. Kilima chetu chote. Watu niliokaa nao kambini, niliozika nao wazazi wao. Mistari ishirini na mitatu. Niliirekebisha yote, jasho linanitoka kwenye baridi hii.

Nikajaribu kuangalia kilima kingine. Hapo nikakwama. Majina ya Kirundi hayakuambii kitu. Huku mtoto hapewi jina la baba, kila mmoja ana lake, lililotokana na siku aliyozaliwa au na majirani wabaya wa mama yake. Darasani Tanzania niliandika jina langu, la baba, la babu, kama kamba. Huku hakuna kamba. Ukinipa majina mawili ya watu nisiowajua, siwezi kukuambia nani alimzaa nani. Hata kompyuta haiwezi.

Nikasikia ndala za Mama Rama kwenye ngazi. Nikarudi kwenye kigoda.

Jumamosi, 18 Julai

Labda ni kilima chetu tu. Nimejirudia hivyo siku nzima. Sijaamini.

Jumatatu, 20 Julai

Mama Rama ameliona mwenyewe. Alikuwa anatafuta ndugu wa mume wake, Waislamu wa Muyinga mjini. Hao majina yao yana kamba. Akamkuta Saidi Athumani ameandikwa mdai, na baba yake eti Hamisi Saidi. Akaniita.

"We Mtanzania, kuja uone. Huyu mutoto amezaa baba yake."

Alicheka kidogo. Kisha hakucheka. Alitafuta Mwislamu mwingine, na mwingine. Wote wamegeuka. Fomu tulizoingiza baada ya ile Ijumaa ziko sawa, za kabla ya hapo zote vichwa chini. Nami nikaelewa. Tuliponakili, kompyuta haikutazama vichwa vya safu. Ilichukua safu ya tatu ikaitia kwenye ya tatu, ya nne kwenye ya nne. Baba alikuwa wa tatu. Ndiyo maana ya "taja safu." Tulihesabu mistari, haikupungua hata mmoja, tukanywa chai.

Shefu amempigia Dezire aje.

Hapo ndipo ningesema. Kulikuwa na nafasi, Mama Rama ameinamia meza, chumba kitupu. Ningesema: Mama Rama, kilima chetu nimeshakirekebisha kwa mkono. Badala yake nilibeba boksi tupu nikalipeleka stoo bila kuagizwa.

Jumatano, 22 Julai

Umeme hakuna tangu jana. Dezire hajaja. Kila mtu ananung'unika kwamba orodha lazima iondoke Jumamosi.

Nimefagia chumba mara mbili. Nimejiambia atakapokuja nitamwambia yeye, ni mgeni, hatanifukuza. Uongo. Najijua.

Alhamisi, 23 Julai

Amekuja. Kijana, viatu vya ncha, anatafuna karanga. Alisoma boksi langu. Shefu alikuwa amelipata, akaligeuza. Dezire aliweka kidole kwenye "taja safu," akasema hapa ndipo. Na hapa, kidole kwenye "lisiguswe." Shefu alitazama dirishani.

Akasema hakuna kilichopotea, vimekaa pabaya tu. Atachukua mistari yote ya kabla ya ile Ijumaa, amgeuze mdai awe baba na baba awe mdai, mara moja. Ni kugeuza shati lililovaliwa ndani nje. Akaweka mikono kwenye kompyuta. Akasimama. Akauliza:

"Kuna mustari mumerekebisha kwa mukono tangu siku hiyo? Hata mumoja?"

Mama Rama alisema hakuna, kompyuta haiguswi na mtu ila yeye. Kisha alinigeukia. Sijui kwa nini aligeuka. Shefu naye aligeuka.

Nilitazama boksi.

"Sawa," Dezire akasema.

Akabonyeza.

Wote wamegeuka wakawa sawa. Vilima vyote vya Muyinga. Isipokuwa ishirini na watatu waliokuwa sawa tayari.

Ijumaa, 24 Julai

Kuchapa. Kurasa zinatoka zina joto kama mkate. Mimi ndiye ninayezipanga. Nilikiona kilima chetu kinatoka. Barampama, mtoto wa Misago. Ntahonkiriye amekuwa baba. Wote vile vile. Nilitaka kuchukua kalamu. Shefu alikuwa anagonga muhuri kila ukurasa, karibu yangu, ananisifu kwamba napanga vizuri.

Mimi ni mwoga. Niandike hivyo, angalau hapa.

Jumamosi, 25 Julai

Niliipakia orodha kwenye gari kwa mikono yangu. Maboksi mawili. Mepesi.

Jumatatu, 27 Julai

Nimemwambia Mama Rama. Yote. Marufuku, Ijumaa, kidole kimoja, swali la Dezire.

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alifungua kilima chetu, akanyoosha kidole kwenye mistari, mmoja mmoja, nami nikataja nani alimzaa nani, akarekebisha yote ishirini na mitatu. Halafu akasema:

"Sasa mashini iko sawa. Karatasi ndo iko Muyinga."

Alikwenda kwa shefu. Mlango ni wa mbao nyembamba, nilisikia. Alisema ni yeye. Alisema alirekebisha kwa mkono akasahau kumwambia fundi. Shefu alimsema kwa Kifaransa chake cha taratibu, muda mrefu. Kuhusu orodha alisema yenye muhuri ndiyo orodha. Masahihisho yataingia katika orodha ijayo, kama itakuwapo.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Nikamwuliza kwa nini. Akasema yeye watamgombeza, mimi wangenifukuza. Na akaongeza kwamba nisimwangalie hivyo, kesho naye atanidai. Aliandika majina yetu ishirini na matatu kwenye karatasi, kwa mpangilio wa haki, akatia sahihi yake. Hana muhuri.

Jumatano, 29 Julai

Juu ya lori la saruji kuelekea Muyinga, kupitia mji wa Ngozi. Vumbi la saruji kwenye kope. Tulipumzika Gashoho, mama mmoja sokoni aliniuzia ndizi za kuchoma akaniuliza kama nimefufuka, nilikuwa mweupe hivyo. Nilicheka. Sikuwa nimecheka siku nyingi.

Ijumaa, 31 Julai

Muyinga mjini. Siku mbili mlangoni pa ofisi iliyopokea orodha. Karani alisoma karatasi ya Mama Rama, akaigeuza nyuma kuangalia kama muhuri uko upande wa pili. Akanirudishia. Akauliza mimi ni nani kwenye ofisi ya Gitega. Nikasema mbebaji. Alikuwa na adabu, hakucheka. Alisema kila aliyekuja wiki hii ana karatasi mkononi inayosema orodha imekosea, na wengine waliandikiana wenyewe. Akasema mkaelezee siku yenyewe, kilimani.

Jumapili, 2 Agosti

Nyumbani, Butihinda. Kama ni nyumbani. Mama amezeeka kwa miezi minne kama kwa miaka. Mihogo ya Sabiyumva kweli imefika kwenye turubai.

Baada ya kanisa niliwakusanya watu wetu nikawaambia. Niliwaambia pia kwamba ni mimi. Kwamba niliwaona kwenye kompyuta wamegeuzwa nikawarekebisha kwa kuwapenda, na kwamba kuwapenda huko ndiko kumewaponza, maana nilinyamaza. Vilima vingine havikuwa na mtu wa kuvipenda, viko sawa. Ntahonkiriye ndiye aliyesema kwanza. Alisema darasa la sita ni hatari, afadhali mtu aishie la kwanza au amalize yote. Wakacheka baadhi. Yeye hakucheka.

Tumekubaliana: akiitwa baba, mtoto aitike. Tueleze. Kila mmoja atoe kitambulisho.

Mama alisikiliza kila kitu. Sijui alielewa nini. Aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli watamwita Barampama kwa sauti, mbele ya watu. Nikasema ni kweli.

Jumanne, 4 Agosti

Uwanja wa shule. Meza, watu watatu, mmoja wa ofisi ya komine akisoma. Watu wengi, hata wa vilima vya jirani.

Walianza na kilima cha jirani. Mtu anaitwa, anaitika, anaonyesha kitambulisho, anakaa upande wa kulia kusubiri kusikilizwa. Kilikwenda chote bila kikwazo. Kisha chetu.

Jina la kwanza lilikuwa la babake Ntahonkiriye. Ntahonkiriye akasimama, akatoa kitambulisho. Msomaji akaangalia orodha. Akasema wewe ni baba wa mdai, mdai mwenyewe yuko wapi? Ntahonkiriye akasema mdai ni yeye, huyo aliyeitwa ni baba yake, amekufa. Msomaji akasema orodha inasema mtoto anadai na wewe ndiye baba, sasa unasema mtoto ndiye aliyekuzaa? Watu wakaangua kicheko. Wengine walijishika mbavu. Nikasogea na karatasi ya Mama Rama. Akaisoma kwa subira. Akauliza muhuri. Akasema angekubali moja angelazimika kukubali zote, na hapa kila mtu ana karatasi. Wakaandika: mdai amefariki.

Ikawa hivyo kwa wa pili. Kwa wa tatu. Hawakucheka tena watu. Marehemu wetu waliitwa mmoja mmoja, kama mahudhurio ya shule.

Kisha: Barampama.

Kabla sijasimama, mama alisimama. Ameegemea fimbo yake. Aliitika, kwa sauti ile ya mwanamke anayeitikia kwa niaba ya mume aliye shambani. "Yuko."

Msomaji akauliza yuko wapi. Nikasema mimi ni Misago mwanawe, nikaeleza yote tena, nikajisikia nikigugumiza. Msomaji alikuwa amechoka. Akageukia upande wa wanaokaa kwenye mashamba, akamwuliza Sabiyumva kama anamjua huyu Barampama. Nilimwona Sabiyumva akisimama taratibu. Naye amezeeka. Amezika watoto wawili kwenye lile shamba, naona misalaba kutoka kwenye kibanda chetu. Hakuhitaji kusema uongo hata neno moja.

"Namujua. Tulichunga ngombe pamoja. Amekufa huko Tanzania."

Wakaandika.

Wakati wa kurudi nilimshika mama mkono. Nilikuwa nalia, niandike ukweli. Yeye hapana. Tulifika karibu na minyaa. Hapo akasema tangu tukimbie hakuna mtu aliyewahi kulitaja jina la baba kwenye kilima hiki, kwamba walikuwa wamemfuta kama hakuzaliwa.

"Leo wamemwita," alisema. "Hapa kwao."

Akaingia kwenye turubai kupika.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimeweka mawe mapya kwenye pindo za turubai. Nimemchotea maji ya kutosha siku tatu. Ntahonkiriye hakuja kuniaga. Watu wengine wawili walikuja, wakakaa, wakaondoka. Sabiyumva alikuwa anapalilia. Alininyooshea mkono kwa mbali. Sikujua la kufanya, nikanyoosha wangu.

Jumatatu, 10 Agosti

Gitega. Maboksi sita. Ni ya mkoa mwingine sasa.

Mama Rama aliniangalia uso. Alinimiminia chai. Kabla hatujaanza alifungua kilima chetu kwenye kompyuta, akasogea pembeni ili nione. Mdai: Misago. Baba: Barampama. Mstari umenyooka. Wote ishirini na watatu, kila mtu mahali pake. Nilitazama mpaka chai ikapoa.

Akafunga. Nikachukua fomu ya kwanza.

Namba. Kilima. Mdai. Baba.

"Pole pole," alisema, ingawa sikuwa nakimbia.